Mtoto wa Alama 46.5

(Hotuba kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari katika shule moja ya kimataifa jijini Dar es Salaam. Ilitolewa Jumanne jioni, siku nne baada ya ripoti za kwanza kutoka. Imeandikwa kutoka kwenye rekodi. Vikohozi na simu zilizoita vimeondolewa.)

Wazazi wangu, walezi, na bibi zangu mliokaa mstari wa mbele, shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za jioni.

Mikutano ya hapa kwa kawaida huendeshwa kwa Kiingereza. Leo nimeomba ruhusa tuongee Kiswahili, na wasiokifahamu watakuwa na kikao chao kesho asubuhi. Nina sababu. Ripoti zimetoka Ijumaa, na hadi jana usiku nilikuwa nimepokea simu na ujumbe mwingi kuliko muhula mzima. Walioniandikia kwa Kiingereza wote walishukuru kwa ripoti nzuri yenye maelezo ya kina. Walionipigia kwa Kiswahili ndio walioniambia ukweli: "Mwalimu, karatasi hii nimeisoma mara tatu, na mpaka sasa sijui mwanangu amefaulu au amefeli."

Basi leo tuisome pamoja.

Baba mmoja, yupo humu ndani na amenipa ruhusa nimseme bila kumtaja, alifika ofisini kwangu jana saa moja na nusu asubuhi. Hakukaa. Alitoa simu, akafungua kikokotoo, akanionyesha. Hisabati ana 4. Ya juu kabisa ni 7. Nne gawanya kwa saba ni asilimia 57. "Mwalimu, huyu mtoto amemaliza darasa la saba na A ya Hisabati. Nimemleta kwenu, nalipa ada ninayoilipa, na sasa ana 57?"

Hesabu ya baba huyu haina kosa. Ila ile 4 haikupatikana kwa kugawanya kitu chochote, kwa hiyo ukiigawanya unapata namba isiyo na kwao. Nitaeleza ilikotoka. Kwanza niwape kisa changu, maana bila hicho mtadhani nawauzia vitu vya Ulaya.

Nilisoma sekondari ya kutwa mkoani Tanga. Kidato cha pili, muhula wa kwanza, Fizikia nilipata 22. Nilistahili kabisa. Umeme ulikuwa kwangu kama uganga: mwalimu anachora mistari ubaoni, nami nanakili. Likizo ile nikakaa na binamu yangu aliyekuwa fundi redio. Akanipa betri mbili, kipande cha waya na taa ya tochi, akaniambia, "Washa." Nilihangaika siku nzima. Jioni taa ikawaka, na kuanzia hapo ile mistari ya ubaoni ikaanza kusema nami. Muhula wa pili nilipata 71.

Mwisho wa mwaka matokeo yakabandikwa ukutani, majina yote, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Fizikia: 46.5. Nafasi ya 29 kati ya wanafunzi 44. Baba yangu alikuja na baiskeli, akasoma, akatikisa kichwa, akaondoka bila neno.

Mimi nikabaki nimesimama pale nikiitazama hiyo 46.5. Mtoto wa 46.5 sijawahi kuwa hata siku moja. Mwezi wa tano nilikuwa wa 22, sijui kitu. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa wa 71, nawaelekeza wenzangu chini ya mwembe. Huyu wa 46.5 ni nani? Hakuwahi kukaa kwenye dawati. Amezaliwa na kikokotoo. Kwa madaraja yanayotumiwa leo na Baraza la Mitihani, 22 ni F, 71 ni B, na yule mtoto asiyekuwapo anapewa C. Na ni yeye aliyeandikwa kwenye ripoti yangu.

Nimekuwa mwalimu miaka mingi sasa, na kama kuna jambo moja nataka mwondoke nalo leo ni hili: kwenye ripoti mliyopewa Ijumaa hatukuchukua wastani. Popote. Kila namba mnayoiona ni uamuzi wa mwalimu aliyeweka kazi za mtoto mezani na kujiuliza, huyu leo anaweza nini?

Sasa tuingie kwenye karatasi yenyewe. Shule yetu inafuata programu ya miaka ya kati ya International Baccalaureate, ile ambayo watoto wanaiita MYP. Shirika lenyewe lilianzishwa Geneva mwaka 1968, na programu hii, ya watoto wa miaka 11 hadi 16, ikaanza 1994. Masomo yamepangwa katika makundi manane. Kila somo, iwe Hisabati, iwe Sanaa, iwe michezo, lina vigezo vinne: A, B, C na D. Juu kabisa ya kila kigezo ni 8. Nne mara nane, 32. Hiyo ndiyo jumla mnayoiona ukurasa wa pili, ambao wengi wenu, kusema kweli, hamkuufungua.

Jumla hiyo ndiyo inayotupa gredi ya ukurasa wa kwanza. Kuanzia 1 hadi 5 ni gredi 1. Kuanzia 6 hadi 9 ni gredi 2. Kuanzia 10 hadi 14, gredi 3. Kuanzia 15 hadi 18, gredi 4. Kuanzia 19 hadi 23, gredi 5. Kuanzia 24 hadi 27, gredi 6. Kuanzia 28 hadi 32, gredi 7. Mtaona ngazi hizi hazilingani upana, nyingine zina alama nne na nyingine tano. Ndiyo maana nasema kuigeuza 4 kuwa asilimia ni kujitafutia shinikizo la damu bure. Mtoto wa 28 na mtoto wa 32 wote ni 7, na mtoto wa 23 aliyebakiza alama moja tu kufika 6 ameandikiwa 5 sawa na wa 19.

Lakini hiyo 8 ni 8 ya nini? Hapa ndipo penye utamu, mnivumilie.

Watoto wenu wa mwaka wa kwanza walipewa kazi ya Hisabati, kigezo B, kuchunguza ruwaza. Kazi ilikuwa hivi. Kuna harusi. Pwani tungetandika mikeka na kuzunguka sinia, lakini hawa ni watu wa ukumbini, wana meza za mraba. Meza moja inakaliwa na watu 4. Ukiunganisha meza mbili wanakaa 6. Ukiunganisha tatu kwa mstari wanakaa 8. Swali: zikiunganishwa meza nyingi kadiri utakavyo, watu wangapi watakaa?

Mtoto wa kwanza, kwa kusaidiwa na mwalimu, anachora, anaona kuna mpangilio, anatabiri meza nne zitakaliwa na watu 10. Huyo yuko ngazi ya 1 hadi 2. Wa pili anauona mpangilio mwenyewe na anasema unavyokwenda: kila meza ikiongezwa, watu wanaongezeka wawili. Ngazi ya 3 hadi 4. Wa tatu anatoka kwenye kuongeza mbili mbili, anapendekeza kanuni: chukua idadi ya meza, zidisha kwa mbili, ongeza mbili. Ngazi ya 5 hadi 6. Wa nne anaieleza kanuni hiyo vizuri, halafu hajiamini hivi hivi. Anachora meza tisa, anahesabu viti kimoja kimoja, anapata 20, anarudi kwenye kanuni, nayo inampa 20. Ameithibitisha kwa mfano mwingine. Huyo yuko ngazi ya 7 hadi 8.

Katika kazi hiyo hakuna maswali ishirini, kila moja alama tano. Wale watoto wanne wote walijibu swali moja. Na angalieni: hata yule wa kwanza hakukosea. Watu 10 kwa meza nne ni jibu sahihi. Tunachopima ni kina cha alipofika, na maneno ya kila ngazi yameandikwa kwenye jedwali la vigezo ambalo mtoto alipewa kabla hajaanza kazi. Alijua mlima una urefu gani.

(Mzazi mmoja: "Kwa hiyo mnawapa majibu kabla?")

Hapana, mama. Tunawapa maelezo ya nini kinahesabika kuwa kazi nzuri. Fundi cherehani ukimpelekea kitambaa unamwambia unataka gauni la mkono mrefu au mfupi. Kushona ni juu yake.

Turudi kwa baba wa asilimia 57, aone kwa nini gredi ya ukurasa wa kwanza peke yake haitoshi. Nimechukua ripoti mbili, majina nimeyafunika. Hisabati, mtoto wa kwanza: A ana 7, B ana 3, C ana 5, D ana 4. Jumla 19. Mtoto wa pili: A ana 5, B ana 5, C ana 5, D ana 4. Jumla 19. Wote gredi 5. Ukiishia ukurasa wa kwanza, hawa ni mapacha.

Ukifungua wa pili ni watoto wawili tofauti kabisa. Yule wa kwanza anajua kanuni zake. Kigezo A ni kujua na kuelewa, na ana 7. Mpe sehemu, mpe desimali, anazimaliza. Ila ukimwekea jambo asilowahi kuliona, ile harusi ya meza, anakwama. Huyu nawajua wazazi wake watafanya nini. Watamtafutia tuisheni Jumamosi, maswali mia mbili ya sehemu na desimali. Atakuja muhula ujao na 8 pale penye 7, na ile 3 itabaki 3, na wazazi watakuwa wamelipia alama moja kwa miezi mitatu. Kama mnataka kutumia pesa kwa ajili yake, mpelekeni sokoni Kariakoo mkamwache ajadiliane bei. Nasema kwa utani, lakini si utani wote.

Jambo la pili. Kila kigezo kinapimwa angalau mara mbili kwa mwaka katika kila somo. Sasa chukua mtoto ambaye kigezo A amepata 3 mwezi wa tisa, 5 mwezi wa kumi, na 6 mwezi wa kumi na moja. Wastani wake ni 4 na ushee. Mwalimu ameandika 6. Je, amempendelea? Hapana. Ametazama kazi tatu, akaona mtoto aliyekuwa hajui na sasa anajua, akaandika anachojua sasa. Mwezi wa tisa umeshapita.

Msije mkadhani tunachukua tu namba iliyo kubwa. Mtoto mwingine ana 7, halafu 5, halafu 4. Huyo hatumpi 7. Tunarudi kwenye kazi: je, ya tatu ilikuwa ngumu zaidi na ndiyo iliyotuonyesha uwezo wake halisi? Au ile wiki nyumbani kulikuwa na msiba? Mwingine ana 6, 2, 6. Hapo ile 2 ndiyo inayotaka kuulizwa, na wakati mwingine jibu ni kwamba mtoto alifanya kazi saa tano usiku kwenye kiti cha nyuma cha gari akirudi kutoka harusini. Tunaiita hukumu ya mwalimu, na kama hukumu yoyote, mzazi ana haki ya kuuliza sababu zake.

Na kazi isiyoletwa haipewi 0. Sifuri kwetu ina maana yake: tumeisoma kazi, na haikufikia hata ngazi ya chini. Kama hatujaisoma, tutaandikaje kwamba tumeipima? Tunaandika kuwa hakuna ushahidi, na mtoto anabaki baada ya vipindi mpaka aifanye. Watoto wanalichukia hili kuliko sifuri. Sifuri unaipokea unakwenda kucheza mpira.

Kuchelewesha kazi, kutojibu salamu, kusahau daftari, kupiga kelele: hivyo vyote vipo kwenye ripoti, ukurasa wa mwisho, chini ya stadi za kujifunza. Havigusi gredi. Najua hapa wengine mtanikatalia. Mnasema nidhamu ndiyo elimu. Nakubali. Lakini kama nikimpunguzia mtoto alama mbili za Sayansi kwa sababu alichelewa, wewe ukisoma ripoti utadhani hajui Sayansi, umtafutie mwalimu wa Sayansi, wakati anachohitaji ni saa ya mezani. Kila ugonjwa uandikwe kwa jina lake.

Sasa nitawatia hofu kidogo, afadhali niwatie mimi leo kuliko ripoti za mwaka wa tatu. Vigezo hivi vimeandikwa kwa mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano, na haviko sawa. Chukua Sayansi, kigezo A. Mwaka wa kwanza mtoto anatakiwa kueleza maarifa ya sayansi kwa muhtasari. Mwaka wa tatu anatakiwa kuyaelezea kwa kina. Mwaka wa tano anatakiwa kuyafafanua na kutoa sababu. Tuseme tumewapeleka kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo. Wa mwaka wa kwanza akisema jua hukausha maji na chumvi hubaki, amefanya vizuri. Wa mwaka wa tatu akisema hayo tu, hajafika. Tunataka atuambie hatua kwa hatua, bwawa hadi bwawa, maji yanavyozidi kuwa mazito hadi chumvi inaanza kuganda. Wa mwaka wa tano atuambie kwa nini maji yanaondoka na chumvi haiondoki pamoja nayo.

Kwa hiyo mtoto aliyekuwa na 6 mwaka wa pili akaja na 4 mwaka wa tatu, mara nyingi hajarudi nyuma. Kipimo kimepandishwa. Kila mwaka mwezi wa kumi na moja napokea wazazi wa mwaka wa tatu wamekasirika. Ndiyo maana nawaambia mapema, ili mkija kukasirika mwe mmejiandaa.

Maneno haya, eleza, elezea, fafanua, linganisha, changanua, tunayaita maneno ya amri, na ni nusu ya vita. Mtoto anayeulizwa "fafanua" akajibu kama ameulizwa "taja" ameshapoteza, hata kama anajua kila kitu. Ubandikeni ule ukurasa wa maneno ya amri kwenye friji. Sisi tuliosoma zamani tunakumbuka karatasi za Historia: "Jadili." Nani alitufundisha kujadili? Tulikuwa tunamwaga kila tulichokariri tukitumaini kimo humo.

Niguse Kiswahili, kwa sababu ndilo somo lililoniletea simu nyingi. "Mwalimu, mwanangu ni Mswahili kindakindaki, mama yake wa Pangani, baba wa Kilwa. Anapataje 4 ya Kiswahili, na yule Mkorea mwenzake ana 6?"

Watoto wetu wengi hapa wanasoma Kiswahili katika kundi la kujifunza lugha. Kundi hilo lina awamu sita, kuanzia ya anayeanza kabisa hadi ya mweledi, na vigezo vyake vinne ni kusikiliza, kusoma, kuzungumza na kuandika. Yule Mkorea yuko awamu ya kwanza. Amepimwa kwa yale ya awamu ya kwanza, salamu, familia, bei ya machungwa, na kwa kipimo hicho ni hodari. Mwanao yuko awamu ya nne. Ile 6 na ile 4 hazikupimwa kwa rula moja, zisiwekwe bega kwa bega.

Na ukitazama ndani ya hiyo 4, kuzungumza ana 7. Anamsimulia mwalimu visa vya mtaani mpaka darasa linaangua kicheko. Kuandika ana 3. Hana nukta, hana aya, "h" anaiweka pasipo na "h" na kuinyima panapostahili. Anaandika kama anavyotuma ujumbe kwa simu. Tumejidanganya wengi wetu kwamba Kiswahili mtoto anazaliwa nacho. Anazaliwa na kukizungumza. Kukiandika kunafundishwa, na sisi tumekuwa tukilipia kila kitu isipokuwa hicho.

Nilisema siwauzii vitu vya Ulaya. Wakubwa humu ndani wanakumbuka Azimio la Musoma la 1974. Chama, TANU, kilikaa kikasema mtihani wa kuandika peke yake usiwe ndio unaomhukumu mtoto, kazi zake za kila siku na mwenendo wake navyo vihesabiwe. Hapo ndipo maendeleo ya kila siku yalipoingia kwenye matokeo yetu ya taifa. Wazo lilikuwa letu kabla Geneva haijaianzisha programu hii, miaka 20 kabla. Na jirani zetu Kenya walifanya KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kwa mtaala wao mpya, wa gredi ya tisa walianza kufanya tathmini yao ya kwanza ya kitaifa 2025, na sasa wanazungumza habari za kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio. Mkiwa na ndugu Mombasa waulizeni. Nao wanakuna vichwa kama ninyi.

Sasa ubaya wake, maana nikiwaficha mtaujua tu.

Gredi za miaka hii ya mwanzo hazitoki Geneva, wala hazipelekwi huko kuhakikiwa. Tunaziamua hapa. Jicho la nje linakuja mwishoni, mwaka wa tano, kwenye mradi binafsi wa mwanafunzi, na kwenye mitihani ya kompyuta iliyoanza 2016, ambayo shule huchagua kuifanya au kutoifanya. Huko cheti kinahesabiwa kwa jumla ya 56, na mtoto anatakiwa afikishe angalau 28 bila kushuka chini ya 3 popote. Lakini kuanzia leo hadi siku hiyo, mnatutegemea sisi. Na sisi ni shule ya kulipia. Mwalimu anayetoa 7 kwa wingi hapigiwi simu na mtu. Anayetoa 4 anapigiwa. Mkilisikia hilo mtaelewa mnachotufanyia kila mnapopiga.

Kinga yetu ni kusahihisha pamoja. Kabla ripoti hazijatoka, walimu wa somo moja wanapewa kazi zile zile, majina yamefutwa, kila mtu anasahihisha peke yake, halafu wanakaa. Mwaka huu insha moja mwalimu mmoja aliipa 7, mwingine 4. Walibishana nusu saa, chai ikapoa. Mwishowe yule wa 7 akasema, "Jamani, mimi nimevutiwa na mwandiko." Insha ikapata 5. Najua kuna makosa mengine ambayo hatujayashika.

Ubaya mwingine ni lugha. Vigezo vyenyewe vimejaa maneno ya kupimwa kwa roho: ya kutosha, ya kina, yanayofaa. Ya kutosha kwa nani? Na vyote viko kwa Kiingereza, hivyo mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anapimwa Sayansi huku akipimwa Kiingereza bila kuambiwa. Tumeanza kuwaruhusu hawa wajieleze kwa mdomo, na kwa michoro. Haitoshi.

La mwisho kabla ya maswali, kwa wanaofikiria kumhamisha mtoto kwenda shule za mtaala wa taifa. Msije na ripoti hii mkadhani mtapewa kidato kwa kuitazama. Kule wana upimaji wao wa kidato cha pili, wana divisheni zao. Kaeni nasi mwaka mmoja kabla, siyo wiki moja kabla.

Maswali. Bibi, naona mkono umeinuliwa tangu zamani. Karibu.

(Bibi: "Mwalimu, umesema mengi, mengine yamenipita. Mimi mjukuu wangu ndiye huyo wa Kiswahili. Kuzungumza saba, kuandika tatu. Wazazi wake wako safarini, nakaa naye mimi. Sina hiyo kompyuta. Nifanye nini?")

Bibi, anakusimulia habari za shule akirudi?

("Weee! Hanyamazi. Mpaka nala nasikiliza.")

Basi keshokutwa akianza kusimulia mkatize. Mwambie, hii niandikie, ukurasa mmoja. Akimaliza asikusomee yeye. Chukua karatasi usome mwenyewe, kwa sauti, kama alivyoandika, na ukikosa pa kupumua umwonyeshe ni wapi.

("Macho yangu siku hizi, baba, maandishi ya kalamu siyaoni vizuri.")

Mwambie aandike kwa herufi kubwa, bibi.